Sanduku la Joto Lapanda Ibaba

Nilipanda milima ya Ileje kwa sababu Dokta Haule hakuiamini chupa ya maji.

Ndugu zangu wa Tanga, nyinyi mnaopewa joto bure na Mungu tangu asubuhi hadi mnalilalamikia, hamtaelewa haraka. Mimi ni injinia wa umeme, na miaka ile, kabla Songwe haijawa mkoa, nilikuwa na karakana ndogo Mbeya mjini. Dokta Haule alikuwa daktari wa watoto, Mngoni mnene, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa kila mtu mwingine. Kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tukitengeneza pamoja sanduku la kuwatunzia joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Mashine za kununua zilikuwapo, lakini bei yake ilikuwa bei ya gari, na ikiharibika inasubiri fundi kutoka ng'ambo mpaka wauguzi wanaamua kuifanya kabati la shuka.

Letu lilikuwa la mbao, upande mmoja kioo, chini kabisa balbu za taa za gari za kutoa joto, katikati feni ndogo iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu, na vyote vinaendeshwa na betri ya gari. Tuligombana kila wiki. Yeye alitaka kioo kikubwa amwone mtoto vizuri, mimi nilitaka kidogo kwa sababu kioo kinapoteza joto. Alishinda yeye, maana watoto ni wake.

Kulijaribu tulitumia chupa ya maji yenye uzito wa kitoto kichanga. Chupa ilipata joto vizuri, nikapiga makofi. Dokta hakupiga.

"Injinia," alisema, "karakana yako imepakana ukuta na wachomelea vyuma. Humu hata jiwe litatoka jasho. Nipeleke penye baridi ya kweli."

Jumatatu iliyofuata kamati ya wakubwa ilikuwa inakuja kulitazama sanduku lenyewe, ili iamue kama tutapewa fedha za kutengeneza mengine. Lilikuwa moja tu. Tukakubaliana tulipeleke Ibaba, juu milimani, tulijaribu siku mbili na chupa yetu, tulirudishe Mbeya kabla ya kamati. Dokta akaweka sharti kwa kidole: hakuna mtoto wa mtu atakayeingia humo kabla kamati haijaridhika.

Alhamisi asubuhi tukaondoka na pikapu yake, sanduku limefungwa kamba nyuma. Nilikuwa nimelipaka rangi nyeupe kwa mkono wangu, nikaona limependeza, limekuwa la kihospitali hasa. Tulipopita Mlowo, wanaume waliokuwa wamekaa nje ya duka la mbolea walisimama wote wakavua kofia. Nikawapungia mkono kwa furaha. Hawakunipungia. Mbele kidogo, lori lililokuwa likitukimbiza kwa honi tangu mto Songwe lilinyamaza ghafla, likawasha taa za tahadhari na kutufuata polepole kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwa dereva wa lori. Mama mmoja aliyekuwa anageuza kahawa kwenye chanja alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hawa watu wa Mbozi wana heshima mno," nikasema.

Dokta alitazama kwenye kioo cha pembeni kwa muda.

"Injinia, umetengeneza jeneza la mtoto."

Niligeuka kulitazama. Jeupe, refu kiasi, lina mfuniko na kioo.

Vwawa tulisimama kunywa chai. Mama ntilie alitukaribisha kwa sauti ya chini, akatuletea chai na maandazi, na tulipotaka kulipa alikataa katakata. "Mkono wa pole huo," alisema, "nendeni mkamsitiri malaika wenu." Dokta akafungua kinywa kueleza, nikamkanyaga mguu. Kukataa rambirambi ni utovu wa adabu, na maandazi yalikuwa ya moto. Nikala mawili, na la Dokta pia, kwa kuwa yeye alikuwa amesusa.

Tunduma tuliingia mchana. Mji ule hauna habari na mgeni. Malori yamepangana kuelekea mpakani hadi huoni mwisho wake, vijana wa kubadilisha kwacha wanakufuata na mabunda, na kila mwenye duka ana lugha ya kila mteja. Baba yangu mdogo, Hamisi, alitoka Tanga zamani akiwa utingo wa lori, akabaki, sasa anauza vipuri karibu na njia ya mpakani. Tulimkuta anamuaga mteja wa Zambia kwa Kibemba chake cha kibiashara. Alipoliona sanduku alisema "Innalillahi" kabla hata hajaniona mimi.

"Shikamoo baba mdogo. Hatujafiwa."

"Marahaba mwanangu. Sasa mbona mmelivisha sanda?"

Tulifika kwake na shida. Thamostati yetu, kile kidude kinachokata umeme joto likifika na kuurudisha likishuka, ilikuwa imeanza kukwama. Baba mdogo alipanda ngazi, akapapasa rafu ya juu, akashuka na kingine kipya kabisa ndani ya boksi lenye picha ya jogoo.

"Hiki ni cha nini hasa?" Dokta aliuliza.

"Cha mashine ya kutotolea vifaranga, Dokta. Wafugaji wa ng'ambo ya mpaka wanavigombania. Lakini joto ni joto tu, halina kabila."

Dokta alikishika kama mtu aliyeshikishwa chura. Akaomba maji ya moto, akaomba kikombe, akatoa kipimajoto chake, akakaa kwenye kigoda cha duka akakijaribu mara baada ya mara huku wateja wakimruka. Kila mara kilikata pale pale kilipotakiwa kukata. Mwishowe alisimama akajipangusa.

"Kifungwe," alisema. "Lakini lile boksi la jogoo libaki hapa. Na neno kuku nisilisikie."

Tulilala kwa baba mdogo. Asubuhi ya Ijumaa tulirudi nyuma kidogo hadi Mpemba, panapochepuka barabara ya Ileje, na hapo tukakuta kizuizi. Afande alikuja dirishani huku kofia tayari ameishika mkononi.

"Poleni sana wafiwa. Marehemu mnampumzisha Itumba au mnapanda juu zaidi?"

Dokta Haule alikuwa amekuwa mfiwa siku nzima ya Alhamisi, na subira ilikuwa imemwishia. Mtu huyu ambaye hajawahi kunitania hata mara moja katika mwaka mzima wa kugombana, alilipuka.

"Si jeneza, afande! Ni mashine ya kutotolea vifaranga!"

Uso wa afande ulichanua. "Aisee! Inabeba mayai mangapi?"

Dokta alinigeukia. Uongo alikuwa ameuanza, kuumaliza hajui.

"Mia na ishirini," nikasema, kwa kuwa injinia haulizwi idadi akakosa.

Afande akatueleza habari za shemeji yake wa Itumba anayefuga, akachukua namba yangu ya simu, akainua kizuizi mwenyewe. Tulipokwenda mbele nikamuuliza Dokta kwa nini hakusema kweli. Alinijibu kwamba kweli ingehitaji maelezo, na yeye alikuwa na haraka. Nilicheka hadi Isongole.

Itumba sikucheka tena. Mzee mmoja alisimama katikati ya barabara akitupungia fimbo. "Nyie ndio wa vifaranga?" Nikasema hapana, Dokta akasema ndiyo, wote kwa pamoja. Mbele yake kijana wa bodaboda akatuambia kwamba mjomba wake ameshatenga mayai. Simu wakati ule huko milimani zilikuwa za kutafutia mtandao juu ya kilima mkono umeinuliwa, lakini habari za kuku zilikuwa zimepita bila shida yoyote.

Tuliingia Ibaba adhuhuri, ukungu umekaa juu ya mashamba ya viazi na mvua inatukimbiza kisogoni. Baridi ile, ndugu zangu, inaingia kwenye meno. Kituo cha afya tulichofikia sikitaji jina, kwa sababu Nesi Veronika, aliyekuwa akikiendesha karibu peke yake, ni rafiki yangu hadi leo na hapendi makuu. Nje walikuwa wamekaa akina mama kadhaa. Mmoja alikuwa na beseni la mayai yaliyofukiwa kwenye pumba.

"Nimeleta ya kuanzia," akaniambia.

Sikupata nafasi ya kumjibu. Nesi Veronika hakuuliza habari za safari. Alimshika Dokta mkono akamwingiza ndani, nikawafuata.

Alfajiri ile mwanamke aitwaye Atupele alikuwa amejifungua mtoto njiti. Mama mwenyewe alikuwa na homa kali, anatetemeka chini ya mablanketi, hawezi hata kukaa. Mtoto alikuwa kifuani kwa bibi yake, Bibi Tusekile, amefungwa ngozi kwa ngozi ndani ya kitenge, jinsi Nesi alivyomwelekeza. Ilikuwa kazi sahihi kabisa na bibi aliifanya bila kuinuka tangu alfajiri. Lakini alikuwa mzee, naye pia anasikia baridi, na mikono ilikuwa imeanza kumcheza. Hapakuwa na ndugu mwingine wa kumpokea. Mtoto hakulia. Dokta alimgusa nyayo, akampima, akatazama kipimajoto mara mbili.

"Anapoa," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Tumshushe hospitali?"

Nje mvua ilikuwa imetufikia, na ile barabara tuliyopanda nayo ilikuwa imeshakuwa sabuni. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwama chini huko tangu jana yake. Dokta alisema waziwazi kwamba mtoto yule hafiki.

Kisha akasema, "Injinia, washa."

"Ulisema chupa tu."

"Washa, nimekwambia."

Bibi Tusekile aliinua kichwa. Macho yalikuwa mekundu kwa uchovu, ila ulimi haukuwa umechoka hata kidogo.

"Mnawasha nini? Lile banda la kuku?"

"Bibi, si banda," Dokta akaanza.

"Habari zenu zimefika kabla yenu, baba. Mmesema wenyewe pale kizuizini, la vifaranga. Sasa huyu unayemwona hapa ni mume wangu. Nimemngoja tangu yule wa kwanza alipofariki akaniachia kuni za kupasua. Leo amekuja, hata jina hana, mnataka nimlaze na majogoo?"

Wenzangu, mnajua bibi na mjukuu wanavyotaniana kwetu, mjukuu wa kiume ni mume tangu tumboni. Lakini pale utani ulikuwa ndio mlango pekee, na alikuwa ameufunga. Dokta akapiga magoti mbele yake ili wawe sawa.

"Bibi, lile lilikuwa neno la njiani la kumridhisha askari. Hakuna chochote cha kuku mle ndani. Nakuapia."

Bibi alinitazama mimi.

"Wewe binti ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kweli hamna cha kuku?"

Nilihisi macho ya Dokta yakinichoma shavuni. Neno moja dogo lilitosha, na mtoto angeingia. Nikamtazama yule mtoto, kichwa chake ni cha kutoshea kiganjani, nikaogopa kusema na nikaogopa kunyamaza. Lakini bibi huyu alikuwa ameshadanganywa mara moja na alikuwa ameukamata uongo huo kutoka Mpemba hadi Ibaba. Nikaona kwamba wa pili angeukamata kabla sijafunga mdomo.

"Kimo kidude kimoja cha kuku, bibi. Kinachochunga joto."

Dokta alifumba macho.

"Kinachungaje?"

"Joto likizidi kinazima, likipungua kinawasha. Umewahi kumwona kuku anayeatamia? Akisikia mayai yamepata moto sana anainuka kidogo, yakianza kupoa anarudi. Kinafanya hivyo tu, usiku na mchana, hakisinzii."

Mvua ikapiga bati. Bibi Tusekile akageuka kwa Dokta taratibu.

"Kumbe sanduku halina kosa. Mwongo ni wewe."

"Ndiyo, bibi," Dokta akasema, na kusema kweli sikuwahi kumsikia akikubali kosa kwa haraka namna ile.

"Umemwita mume wangu kifaranga mbele ya serikali. Mwombe radhi."

"Nimwombe…"

"Yeye. Mimi umenikosea nini? Na umsalimie kwanza. Huyu ni baba mwenye mji."

Basi daktari bingwa wa watoto, mtu wa kuogopwa wodini, akainama hadi tumbo likagusa magoti, akasema na lile fundo la kitenge: "Shikamoo mzee. Nimekosa. Nilisema uongo barabarani. Naomba unisamehe, na naomba uingie ndani, kuna baridi."

"Marahaba," Bibi akamjibu kwa niaba. "Usirudie."

Nesi Veronika alikuwa ameelekea ukutani na mabega yanamtikisika. Mimi nilikimbilia nje, nikijidai nafuata betri.

Betri za sola za kituo zilikuwa hoi kwa mawingu ya siku nyingi, na kilichobaki kilikuwa cha jokofu la chanjo. Nikafungua boneti ya pikapu, nikaing'oa betri ya gari. Dokta alinikuta nimeikumbatia.

"Na kuondoka?"

"Hilo ni swali la Jumapili."

Sanduku likapata joto, Dokta akalipima kila kona kwa mkono wake, Bibi akatandika ndani kile kitenge alichokuwa amejifunga nacho ili mtoto asione ugeni wa harufu. Mtoto akaingia. Nikapumua. Palepale Bibi akachukua blanketi akalifunika sanduku zima, gubigubi.

Feni ilikosa pumzi. Nikalitoa blanketi. Akalirudisha. Nikalitoa tena nikamwonyesha matundu ya hewa. Akalirudisha, safari hii na shuka juu yake.

"Kitovu hakijadondoka," alisema. "Mume wangu hajatoka nje. Haonwi na kila apitaye."

"Lazima nimwone rangi yake, bibi!" Dokta akalalamika. "Nikimwona anabadilika ndipo nitajua."

"Wewe umeshaonana naye. Nasema hawa wengine."

Hao wengine walikuwa mlangoni, akina mama wote wa nje na beseni la mayai mbele yao. Hapo ndipo mimi na Dokta tulipogombana kwa mara ya mwisho juu ya kile kioo. Yeye anasema kisifunikwe, Bibi anasema kifunikwe, na mimi nikawaza kwamba wote wawili wana haki na mwenye makosa ni kioo kinachotazama mlango. Nikalishika sanduku, nikaligeuza, kioo kikaelekea ukutani, nikaacha upenyo wa mtu mmoja. Matundu yakabaki wazi. Bibi akaridhika. Aliyepata taabu ni Dokta Haule, kwa sababu upenyo niliupima kwa mwili wangu mimi. Kila alipotaka kumtazama mgonjwa wake alivuta tumbo, akapenya ubavuubavu, na huko ndani akawa anapaaza vipimo vya joto kwa sauti iliyobanwa.

Niseme wazi kwamba mchana ule niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Chupa ya maji ikipoa unaipasha tena, hakuna anayekuuliza. Nilikaa chini karibu na betri nikasikiliza kile kidude cha kuku kikiita, tiki, kinawasha, tiki, kinazima, na kila kilipochelewa kidogo nilisogeza sikio kwenye mbao. Vipimo vya Dokta vikawa vinapanda, kidogokidogo. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, hataki kulala. Jioni jioni, mvua ilipopungua, tukasikia kitu chembamba kama kitasa kisicho na mafuta.

"Nini hicho?" nikaruka, nikidhani ni feni.

"Ni mtu," alisema Dokta kutoka ukutani. "Analia."

Bibi Tusekile akajilaza kwenye mkeka, akapitiwa na usingizi hapohapo.

Jumamosi mtoto alipokea matone ya maziwa ya mama yake kwa kijiko. Homa ya Atupele ilikuwa inashuka, akaomba asogezewe kitanda karibu na sanduku, Nesi akakisogeza. Yule mama wa mayai tulimweleza kweli yote. Alisikitika, kisha akayachemsha yote tukala.

Jumapili asubuhi swali lilifika. Jumatatu kamati inakaa Mbeya, na sanduku ndilo inalolijia. Tulisimama nje tukilitazama gari lisilo na betri. Dokta alianza kusema, "Tungeweza…" akaacha. Mimi nikasema, "Labda kama…" nikaacha. Mwaka mzima wa kazi yetu ulikuwa unategemea siku moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumaliza sentensi. Basi tukaacha kujaribu. Nilimfundisha Nesi Veronika namna ya kulihamishia sanduku kwenye betri za sola jua likitoka, Dokta akapenya ukutani kwa mara ya mwisho kumuaga mzee, tukatafuta usafiri.

Usafiri ulikuwa lori la viazi. Tulipanda juu ya magunia, tumejifunika turubai moja, tukashuka ile milima tukiteleza na kuomba dua, yeye zake na mimi zangu. Mpemba tulimkuta afande wetu.

"Mashine mmeshaiuza?" aliuliza kwa masikitiko.

"Imepata mteja," Dokta akamjibu, naye safari hii hakunitazama.

Jumatatu tulifika Mbeya tumechelewa, tukaingia moja kwa moja kwenye kikao. Wazee waliovaa tai walikuwa wamekaa kuzunguka meza tupu iliyoandaliwa kwa ajili ya sanduku, na kitambaa safi juu yake. Dokta alikuwa na udongo wa viazi hadi masikioni. Mwenyekiti alitutazama, akaitazama meza.

"Mashine iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kiufundi tangu kwenye lori. Dokta akanitangulia.

"Haikuweza kuja, mheshimiwa. Ina mtu."

Mmoja akakohoa. Mwenyekiti akauliza ni mtu gani, Dokta akasema ni baba mmoja mwenye mji wake Ibaba, akaketi, akaanza kuwasimulia tangu mwanzo. Alisimulia yote, hata shikamoo. Mimi sikuongeza neno. Wakubwa wale waliahirisha uamuzi, kama kawaida ya wakubwa, wakasema tulete mashine tukiipata ikiwa wazi.

Wiki kadhaa baadaye tulipanda tena Ibaba, na betri mpya ya pikapu, kulichukua gari na sanduku. Njiani tulikuwa tumeshakubaliana mambo mengi bila ugomvi: rangi nyeupe basi, kioo kiwe upande wa ukutani na kiwe kidogo, na upenyo upimwe kwa mwili wa daktari. Nilijifunza pia jambo ambalo halifundishwi chuoni: kabla ya kuuliza mashine itafanya kazi au haitafanya, uliza nani atakayeamua mtoto aingie, na umwambie kweli kilichomo.

Tuliingia chumbani. Sanduku lilikuwa wazi, tupu, limezimwa. Kitenge hakipo.

Nilishika fremu ya mlango. Mlima ule simu hazipiti, tungejuaje? Dokta alienda akaingiza mkono ndani, akaupitisha kila pembe taratibu, kana kwamba mtoto angeweza kuwa amejificha. Palikuwa pa baridi. Hakugeuka kunitazama, na mimi nilimshukuru kwa hilo.

"Mbona mnapekua nyumba za watu?" ikasema sauti nje ya dirisha.

Bibi Tusekile alikuwa ameketi kwenye ubao juani, na kando yake Atupele, amenenepa uso, kifuani amefunga kitu kinachojipindapinda ndani ya kile kitenge.

"Yuko wapi?" Dokta aliuliza, ingawa alikuwa anamwona.

"Amehama. Alisema joto lenu ni zuri, ila haliongei. Amerudi kwa wanaoongea."

Dokta Haule alitoka, akapiga magoti kwenye nyasi bila kuambiwa na mtu, akampima yule mzee nyayo kwa kidole. Alibaki pale muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji. Mimi nililia, wala sioni haya kuwaambia.

Tulikuwa tunafungua kamba za kulifungia sanduku Nesi Veronika alipotoka mbio chumba cha kujifungulia, mikono imelowa.

"Msiliguse hilo," alisema. "Kuna mama amefika kutoka bondeni, mimba haijatimiza miezi."

Dokta alikuwa ameshavua koti. Mimi nikafunga betri mpya kwenye sanduku badala ya gari. Jumatatu iliyofuata, sanduku likiwa na mtu mwingine, tulishuka mlima juu ya magunia ya viazi kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyeuliza kamati itasema nini.